Njia Iliyofuata Raundi ya Majani

Kiplangat aliiba safari ya shangazi yake. Aliiandika kwenye karatasi, akaweka jina lake juu, kisha Jumapili moja ya mwezi wa pili akasimama mbele ya kanisa, baada ya matangazo, akawaambia watu kwamba njia ile ameitafuta kwa miguu yake mwenyewe, miezi mitatu, mpaka akaipata. Watu wakapiga makofi. Baba yake, Kipkurui, ambaye ni mzee wa kanisa na hukaa mbele kwenye kiti chenye mto, alipiga makofi kuliko wote. Rodah alikuwa benchi la tatu upande wa akina mama. Mikono yake ilibaki mapajani.

Rodah ni dada yake Kipkurui. Kiplangat alipozaliwa mama yake aliugua muda mrefu, na aliyembeba mgongoni ni Rodah, wakati huo akiwa msichana. Kwetu mtoto humwita dada ya baba yake senge. Kiplangat alijua kusema senge kabla hajajua kutaja jina lake mwenyewe.

Shule Rodah hakwenda. Karo ilitosha mtoto mmoja, na huyo mmoja akawa Kipkurui. Rodah akapewa ndama awachunge. Aliolewa Kedowa, akakaa huko miaka saba, mume akaleta mwanamke mwingine na kitanda kipya siku moja. Rodah akarudi nyumbani na binti yake, Chelimo, na nguo alizovaa. Baba yao hakumuuliza maswali. Alimwonyesha kipande cha majani chai chini ya boma, akasema mbele ya Kipkurui na mbele ya jirani yao Chepkorir kwamba hapa ni pa Rodah mpaka afe. Karatasi hakuandika. Mzee alikufa mwaka uliofuata, na tangu hapo Kipkurui hakuacha nafasi ipite bila kumkumbusha dada yake kwamba yeye ni mtu wa kurudi.

Kipande kile ni kidogo, kwa hiyo Rodah alichumia watu wengine pia. Miaka ishirini amechuma majani katika mashamba yote ya bonde lile lililo chini ya Kimulot, upande huu wa mto na upande wa pili, mpaka anajua shamba lipi lina utelezi, mbwa wa nani anauma, na mwanamke gani akisema njoo unywe chai anamaanisha.

Safari yenyewe ilianza na Winny. Huyu ni mwanamke wa Nairobi aliyekuja Kimulot kwa harusi ya rafiki yake, akachoka na hotuba, akauliza kama kuna mtu wa kumwonyesha maporomoko ya maji ambayo alikuwa akiyasikia tangu usiku. Watu wakamwonyesha Rodah kwa kidole. Rodah akampeleka mpaka chini, akamrudisha kabla ya keki kukatwa. Wiki mbili baadaye Winny alipiga simu.

"Mama Rodah, unaweza kunipangia siku nzima? Tuanze asubuhi, jioni tuwe kwenye gari. Tupite kwa nyumba za watu, tule chakula cha huko, tuone maji yote."

"Watu wangapi?"

"Kumi hivi."

"Wana viatu?"

Winny akacheka.

"Nauliza kama wana viatu vya matope," Rodah akasema. Yeye hakucheka.

Kupanga siku moja katika bonde lile kunahitaji mtu anayejua raundi. Majani hayachumwi siku yoyote tu. Shamba likishachumwa leo, linaachwa siku tisa au kumi mpaka machipukizi yatokeze tena juu ya meza, yaani pale juu pa mti palipokatwa sawa. Hiyo ndiyo raundi. Siku ya kuchuma, mwenye nyumba na wanawake wanaochumiana naye kwa zamu wote wako shambani tangu alfajiri, na mchana wako kituoni wakingoja karani apime na lori lichukue. Nyumba imefungwa, moto umezimwa. Na siku mbili tatu kabla ya kuchumwa, machipukizi yamerefuka, yamefunga njia nyembamba iliyo kati ya mistari, yana umande. Ukipita hapo asubuhi unatoka umelowa mpaka kiunoni kama mtu aliyevuka mto. Kwa hiyo mgeni hupitishwa mahali palipochumwa jana au juzi tu, ambapo meza ni sawasawa, njia ni nyeupe, na mama mwenye nyumba amepumzika na ana hamu ya kuongea.

Na raundi haikai. Mvua ikiwa nzuri siku hupungua, baridi ya mwezi wa saba ikija siku huongezeka, mvua ya mawe ikipiga kila kitu kinaanza upya. Wiki ina siku saba, raundi ina siku zake. Ndiyo maana Rodah Jumamosi moja aliwashusha wageni kwa kulia kwa mto, Jumamosi iliyofuata kwa kushoto, nyingine akakatiza katikati. Juu ya hayo kuna mursik, maziwa ya kuganda. Maziwa ya kumpa mgeni hukaa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa siku nne, kwa hiyo mwenye kibuyu lazima aambiwe Jumanne. Kuna jua, ambalo huingia kwenye bonde la Maji Makubwa, poromoko kubwa kuliko yote, saa nne na nusu likatoka saa sita. Na kuna mvua, inayokuja saa nane mchana karibu kila siku, na huanza kunyesha juu msituni Mau kabla hamjaona wingu, mto ukajaa mkiwa mnapiga picha. Rodah alipanga yote hayo kichwani, akitembea. Kila Jumatatu alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anachuma lini, na ikifika Jumatano jioni alikuwa na siku nzima mkononi, tangu kikombe cha kwanza mpaka mlango wa gari.

Alipeleka wageni mara tisa. Hakuna aliyelowa, hakuna aliyekosa kula. Mara tatu za mwisho Kiplangat aliomba kwenda naye. Alikuwa amemaliza chuo huko Bomet, hana kazi, anakaa akitazama simu. Rodah alifurahi. Kijana alibeba mifuko ya wageni, akawa anauliza, "Senge, tukitoka kwa Chepkorir tunaenda wapi? Saa ngapi? Halafu?" na kila akijibiwa aliandika kwenye simu. Rodah aliona fahari. Mtoto aliyesoma anamuuliza yeye, na anaandika.

Baada ya hapo ndipo ikaja ile Jumapili ya makofi. Na baada ya makofi kikaja kibao, pale njia panda, chuma kizuri kilichopakwa kijani, chenye maandishi ambayo Rodah aliyapita siku nne bila kujua yanasema nini. Simu ya Winny haikulia tena.

Chelimo, ambaye hushona nguo Silibwet, alikuja mwisho wa mwezi akamsomea mama yake kibao. Safari za Bonde za Kiplangat. Mwanzilishi, Kiplangat. Mwongozaji, Kiplangat.

"Mara tatu?" Rodah akauliza.

"Mara tatu, mama. Na ameweka programu pia, iko kwenye simu za watu. Nikusomee?"

Chelimo akasoma. Kila Jumamosi: saa mbili, mursik kwa Chepkorir. Saa nne na nusu, Maji Makubwa. Saa saba, chakula cha kienyeji kwa Phelis. Saa tisa, kurudi.

"Rudia."

Chelimo akarudia.

"Amesema kila Jumamosi? Kila Jumamosi kwa Chepkorir, kila Jumamosi kwa Phelis?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Rodah hakuwa amecheka tangu ile siku ya kanisa. Sasa alicheka mpaka akashika ukuta. Kijana alikuwa amefuata safari ya mwisho, nyumba za wiki ile moja, akaziandika kama nyumba za milele. Alichukua siku moja akadhani amechukua zote.

"Unamwambia?" Chelimo akauliza.

"Nimwambie nini? Si yeye ndiye mwanzilishi."

Jumamosi ya kwanza raundi ilimbeba Kiplangat kwa bahati, na ya pili akaponea chupuchupu. Ya tatu ikaangukia siku ya Phelis.

Phelis na mume wake Momanyi walikuja kutoka upande wa Kisii miaka mingi iliyopita. Momanyi alifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, akanunua ekari moja bondeni alipostaafu. Phelis anachuma haraka kuliko mwanamke yeyote wa pale, na wanawake wamempa heshima yake kwa hilo, ingawa wengine huitoa kwa taabu. Asubuhi hiyo walikuwa sita shambani kwake, makapu mgongoni, aproni za plastiki kiunoni, wakienda mstari kwa mstari. Chepkorir alikuwa mmoja wao. Ana miaka sitini na zaidi, na mdomo wake haujazeeka.

Saa nne hivi wakawaona. Wageni kumi na wanne walikuwa wamesimama mbele ya jiko la Phelis, jiko lisilo na moshi, wamelowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Mmoja alikuwa amevua kiatu anakamua soksi. Kiplangat alizunguka nyumba, akagonga, akazunguka tena. Halafu akasikia sauti za wanawake, akaja mpaka mwisho wa mstari wa majani.

"Senge! Kuja kidogo."

Rodah akaendelea kuchuma.

"Senge, nakuita."

"Nakusikia. Mikono ndiyo haikusikii."

Chepkorir akainua kichwa. "Kiplangat, hawa umewaosha wapi? Mliingia mtoni na nguo?"

"Tulipita shamba lako, mama. Kwako kuna kufuli, ndiyo nikawaleta hapa."

"Ulitaka nani afungue? Mbuzi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Shamba la Chepkorir lilikuwa siku ya tisa halijachumwa, limefunga njia kwa umande.

"Lakini programu inasema leo ni kwako, halafu Maji Makubwa, halafu tunakula kwa Mama Phelis..."

"Hiyo programu yako ilikuja kuniuliza kama leo nachuma?" Phelis akasema, bila kuacha kutupa majani kwenye kapu. "Unaniletea watu kumi na nne, hata sufuria haijui."

Kiplangat akashusha sauti, akamgeukia Rodah peke yake. "Senge, tafadhali. Hawa watu wametoka Nairobi kukiwa giza. Niambie tu leo ni nyumba gani."

"Si uliitafuta hii njia kwa miguu yako, miezi mitatu? Iulize hiyo miguu."

Hapo mwanamke mmoja akatoka katikati ya wageni, akaja akiinua suruali iliyojaa maji. Alikuwa Winny.

"Mama Rodah? Ni wewe? Si niliambiwa miguu imekukataa, huwezi kutembea tena?"

Wanawake wakaacha kuchuma. Hata Phelis.

"Nani alikuambia?"

Winny alimtazama Kiplangat, na Kiplangat akatazama simu yake kama kwamba ilikuwa imeita.

Rodah akatoka kwenye mstari, akasimama mahali anapoonekana na wote, akiwa na buti zake za matope. "Hii ndiyo miguu iliyonikataa. Nimeisimamia tangu saa kumi na mbili."

"Basi twende na wewe," Winny akasema. "Sasa hivi. Ngoja niwaambie wenzangu."

Hiyo ndiyo nafasi ambayo mtu mwingine angeirukia. Rodah alikuwa ameingoja siku na siku, na alijua nyumba gani upande wa pili wa mto ilikuwa wazi, moto unawaka. Lakini wiki iliyopita Phelis alimchumia yeye, kutwa nzima, na leo ilikuwa zamu ya kurudisha.

"Leo siendi," akasema. "Leo ni siku ya Phelis. Lori la majani likifika halitauliza wageni walitoka wapi. Ukinitaka mimi, una namba yangu. Nipigie siku tano kabla, nitakupangia. Kwa huyu siendi, hata nyuma yake."

Kisha akamwambia Phelis awape wageni ndizi mbivu zilizokuwa za mapumziko yao ya saa nne, na chai ya chupa. Wageni hawakuwa wamemkosea mtu. Walikula wamesimama, wakashukuru, wakapandishwa barabarani kabla ya mvua, na Maji Makubwa waliyasikia tu.

Jumatatu Kipkurui alimwita dada yake nyumbani kwake. Alikuwa ameketi nje, kofia magotini. Hakumkaribisha kiti.

"Rodah, umeaibisha nyumba."

"Nyumba gani?"

"Nyumba ya baba yetu. Kijana amechekwa na wanawake shambani kwa mtu wa kuja, mbele ya wageni."

"Alichekwa kwa kazi yake."

"Mpe huo mpango wote. Raundi na nini na nini. Aandike vizuri."

"Haiandikiki. Inabadilika kila wiki."

"Basi kila wiki umwambie. Yeye akae mbele, wewe umsaidie."

"Nimwambie jikoni, aende kusema barabarani?"

Kipkurui akaweka kofia kichwani, akaivua tena. "Huyu kijana amesoma. Hana kazi. Wewe utafanya nini na jina kwenye kibao? Hata kulisoma huwezi."

Maneno hayo yalimwingia. Alikuwa ameyangoja kwa miaka arobaini, tangu siku ya wale ndama, na bado yalimwingia kama mapya.

"Sitalisoma," akasema. "Wanaopita watalisoma."

"Hayo majani unayochuma pale chini unajua ni ya nani?"

"Ni ya baba. Alisema mbele yako na mbele ya Chepkorir. Chepkorir yuko hai, na anasikia vizuri. Tumwite?"

Kipkurui hakumwita mtu. Lakini asubuhi yake Rodah aliamka akakuta njia inayotoka kwake kushuka bondeni, ile inayopita kwenye majani ya kaka yake, imezibwa kwa waya wa seng'enge na matawi ya msaipras. Poromoko la kwanza, lile dogo ambalo wageni walipenda kuoshea nyuso, liko nyuma ya waya ule. Na kwa waya ule Rodah alikuwa amekatiwa mwanzo wa safari.

Alirudi ndani, akavaa buti, akazunguka kwa barabara, nusu saa nzima, akaenda kwa Chepkorir.

"Amefunga," akasema.

"Nimeona. Ametumia waya mpya. Kwa dada yake wa kutu haukutosha."

"Nataka kuanza upande wako. Kuna pa kushukia?"

"Kuna mahali mbuzi wanapita."

Wakaenda kupatazama. Palikuwa na mteremko mkali, udongo mwekundu, na chini yake maji yalianguka kwenye mwamba mweusi, urefu wa watu wawili hivi, mahali ambapo Rodah kwa miaka yote alikuwa amesikia mlio tu akichuma upande wa pili. Siku sita, kila baada ya kazi, wanawake hao wawili walichonga ngazi kwa jembe. Chepkorir alichonga akitukana kila ngazi kwa jina la Kipkurui. Rodah alipima kwa hatua zake. Kutoka barabarani mpaka ngazi ya mwisho, muda wa kuchemsha chai. Kutoka hapo mpaka Maji Makubwa kwa kupanda na kushuka, muda wa kujaza kapu moja. Mwanzo wa zamani ulikuwa mfupi zaidi, kwa hiyo ilibidi watu waanze saa moja na nusu, la sivyo jua litawaacha, na chakula kihamishwe mbele, wale kwanza ndipo waone maji, kwa kuwa njia mpya inapita kwenye nyumba kabla ya maji. Alipanga upya, akavunja, akapanga tena.

Kisha akawaita wanawake watano kwake, wale wenye nyumba zinazopitiwa. Hakuwa na maneno mengi. Aliwaambia kwamba anaanza tena, na kwamba anayeletwa na yeye apokelewe, na anayeletwa na kibao akute kufuli. Wanne wakakubali hapo hapo. Phelis akatazama mlango.

"Sema, Phelis," Rodah akamwambia.

"Mama Chelimo, mimi na wewe hatuna neno. Lakini Kipkurui ni mtu mkubwa hapa. Mimi ni mtu wa kuja. Nikimfungia mtoto wake mlango, kesho watu watasema Mkisii ameingilia mambo ya wenyewe. Umesahau miaka ile ya fujo za uchaguzi, tulipofukuzwa tukalala kanisani na watoto?"

Hakuna aliyekuwa amesahau. Chepkorir alitazama chini, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Basi wewe usifunge," Rodah akasema. "Akija mpokee, mpe maji. Mimi nitakupitia siku ambayo unataka, na siku ambayo hutaki sitakuuliza sababu."

Phelis akatikisa kichwa. "Hapana," akasema mwishowe. "Akija nitakuwa shambani. Mtu akiwa shambani hajamfungia mtu mlango."

Wakacheka, na ikawa hivyo.

Winny alipiga simu Jumatatu moja ya mwezi wa nne, siku tano kabla, kama alivyoambiwa. Alikuja na watu saba, wote na viatu vya matope. Mwanamume mmoja mnene aliuliza pale juu kama hakuna njia nyingine isiyo na ngazi, na Chepkorir akamwambia ipo, ila hiyo ni ya mbuzi. Walishuka. Waliona yale maji ya mwamba mweusi. Walinywa mursik ya siku nne, wengine kwa furaha na wengine kwa adabu. Kwa Phelis, ambaye raundi yake ilikuwa imepita juzi, walikula ugali wa wimbi na mboga za kienyeji na matoke, wakapita kwenye majani yaliyochumwa, njia nyeupe, nguo kavu. Saa tano kasoro robo walisimama mbele ya Maji Makubwa, na jua lilikuwa ndani.

Mwanamume mnene akamwendea Rodah, akilazimika kupiga kelele kwa sababu ya maji. "Mama, hii njia nani aliigundua?"

"Haikupotea," Rodah akapaza sauti pia. "Wanawake wanapita hapa na kuni tangu mimi sijazaliwa. Mimi nilipanga siku."

Juu, ng'ambo, kwenye kona ya barabara, kulikuwa na gari jeupe na watu wamejipanga wakitazama chini. Kiplangat alikuwa mbele yao, ameinua mkono, anaelekeza. Siku hizi huwaleta wageni mpaka hapo barabarani, huwaambia maporomoko yanaonekana vizuri zaidi kutoka juu. Winny alimwona, akamuuliza Rodah kama wampungie mkono.

"Mpungie wewe," Rodah akasema. "Mimi namngoja ashuke."

Saa nane mvua ilianza. Wageni walikuwa tayari kwenye gari, wanafungua viatu.

Tangu siku hiyo Rodah amepeleka watu mara sita. Chelimo alimshauri aende kwa chifu akashtaki, lakini Rodah alikataa. Alisema chifu ataandika karatasi nyingine, na mambo yalianza kuharibika kwa karatasi. Anachotaka anakijua, na amekisema kwa Kiplangat uso kwa uso, penye njia panda, mchana, watu wakipita.

Kiplangat bado hajalipa. Anadaiwa asimame kanisani baada ya matangazo, siku ambayo mabenchi yamejaa, aseme kwamba safari ile ilipangwa na senge yake Rodah na yeye alibeba mifuko. Aseme pia kwamba miguu ya Rodah haikumkataa. Anadaiwa apake rangi juu ya neno mwanzilishi pale kwenye kibao. Mengine mawili anaweza kukaa nayo. Kipkurui naye anadaiwa atoe waya, na atamke mbele ya Chepkorir, angali hai, kile alichokisikia kutoka kwa baba yao siku ile. Jumapili iliyopita Rodah alikaa benchi la tatu. Matangazo yakasomwa, yakaisha. Kiplangat alikuwa pale, na baba yake kwenye kiti chenye mto. Hakuna aliyesimama.